Tiba ya Viungo Imfuate Mgonjwa Mtaani

Wananchi wengi hudhani kwamba matibabu yamekwisha siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali. Kwa mtu aliyepatwa na kiharusi, au kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, siku hiyo ndiyo kwanza kazi inaanza. Mkono usionyoshwa hukakamaa. Goti lililofungwa plasta ngumu kwa wiki nyingi hukataa kukunjika. Na mtu alalaye ubavu mmoja kutwa kucha huota vidonda.

Fani inayohusika na mambo hayo ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na Taifa letu halikuianza jana. Pale KCMC, Moshi, wataalamu wake wamefundishwa kwa miaka mingi, na mwaka 1981 kilianzishwa hapo hapo chuo cha TATCOT cha kufunza mafundi wa viungo bandia. Hapa Dar es Salaam, CCBRT ilianza kazi mwaka 1994, na Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, ikaundwa mwaka 1996.

Pamoja na hayo, mgonjwa wa Chamazi au Bunju anayetakiwa kufika kliniki mara mbili kwa juma hawezi kupanda daladala. Hana budi kukodi bajaji, kwenda na kurudi, akiongozana na ndugu wa kumshika ambaye siku hiyo haendi kutafuta riziki. Baada ya majuma machache fedha huisha, na mahudhurio hukoma. Asiyeijua hesabu hiyo humwita mgonjwa huyo mzembe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali zinazohitaji huduma za utengamao, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaozihitaji hawazipati. Ni dhahiri, basi, kwamba kungojea wagonjwa hospitalini hakutoshi. Hapana budi tiba iwafuate.

Njia ipo. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tunashauri wahudumu hao wafundishwe vyema kumgeuza mgonjwa kitandani, kunyosha kiungo kilicholegea, na kumtambua mapema mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Lakini wasiachwe peke yao. Bega la mgonjwa wa kiharusi likivutwa ovyo huumia zaidi. Kwa hiyo mtaalamu apangiwe siku maalumu za kushuka mitaani, awasimamie na kuifundisha familia. Halmashauri za Kinondoni na Temeke zitenge fungu kwa ajili ya safari hizo, maana haifai kumdai mtaalamu moyo wa kujitolea huku nauli akijilipia mwenyewe.

Viongozi wa mitaa na mabalozi wa mashina nao wana sehemu yao. Wao ndio wanaojua ni nyumba ipi ina mtu aliyelala ndani miezi mingi bila kuonwa. Wamwandikishe, wamfikishie mhudumu taarifa.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kiungo nacho hunyoshwa kingali laini. Kikishakakamaa, familia hubaki na mlemavu ambaye angeweza kurudi kazini.