Mgeni na Jembe Lake

Wako wasemao kwamba kijana atokaye Ulaya akaja kuishi Watamu kwa miezi michache, akalinda viota vya kasa kwa kujitolea na kuuzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke siku za mapumziko, ametufadhili, na kwa hiyo haimpasi kuulizwa neno. Mimi nakataa. Kazi isiyo na ujira si kazi isiyo na hesabu.

Msitu ule, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, una wajuzi wake. Katika pwani hiyo hiyo, wazee wa Kimijikenda walikataza ukataji wa miti katika misitu ya kaya zao tangu kale, kabla UNESCO haijaziandika baadhi ya kaya hizo kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Mvuvi wa hori ya Mida ajua kupwa na kujaa kwa maji bila kufunua kitabu. Mgeni asiyeamkiana na watu hawa, wala kujifunza lugha yao, ataona miti asiujue msitu. Atahesabu mayai ya kasa asijue ni nani atakayeyalinda akisha kuondoka.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema ajichagulie shamba. Basi tumpe jembe kwa heshima, na tumwonyeshe pa kulima. Nanyi vijana, mkienda kujitolea katika mji mdogo wa ugenini, mkaipenda milima na mito yake, kwanza ulizeni, ndipo mlime.