Nani Kasema Muha Hapumziki?

Nina ugomvi na waandishi wenzangu, hasa nyie vijana mnaokaa Dar na kuandika habari za Kigoma wakati hata Tabora hamjafika. Kila Muha anayeingia kwenye hadithi zenu yuko mbioni. Ama amebeba mzigo, ama anakimbizwa, ama anaroga. Sijasoma bado hadithi yenu ambayo Muha amekaa chini, ameshiba, anacheka na washikaji zake, basi.

Mlikoyatoa nakujua. Wakoloni waliifanya Buha ghala la vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuajiri, Silabu, na babu zetu wakapelekwa hadi huko Tanga wakaitwa manamba, yaani watu wa namba. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijijini. Kisha wakaja majirani zetu waliokimbia vita, Warundi na Wakongo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996. Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena 2015 Warundi walipokimbia upya. Ndiyo maana ukitaja Kasulu au Kibondo mbele ya mtu wa mjini, anachokiona ni hema la plastiki na foleni ya chakula.

Hayo yote ni kweli, siyakatai. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hayo tu ndiyo sisi.

Waangalieni wenzetu wa nchi za baridi. Chukua hadithi yoyote ya watu waliopanda milima ya Alps kucheza skii. Wanateleza saa moja, mbili, halafu siku nzima wamekaa ndani ya nyumba ya mbao, moto unawaka, jibini inayeyuka, mvinyo unazunguka, stori haziishi. Hakuna kinachotokea! Na msomaji hadai chochote. Anaona raha tu kukaa nao. Tena si Ulaya peke yake. Lesotho, Afrika hii hii, wana kituo cha skii kinaitwa Afriski kwenye milima ya Maluti, na msimu wao ni miezi ile ile ambayo Kasulu nasi tunatetemeka, Juni hadi Agosti.

Sasa jaribu kuandika hivyo habari za kwetu. Nilipeleka hadithi kwa mhariri mmoja, jina lake nalibakiza mfukoni. Ilikuwa ya siku moja ya Saba Saba huko Heru Juu, milimani juu ya mji wa Kasulu. Ukungu asubuhi ulikuwa mzito hata jogoo wa jirani tunamsikia bila kumwona. Tulikuwa watano: fundi baiskeli, mwalimu wa shule ya msingi, wachuuzi wawili wa maharage, na mimi. Tukajibana jikoni kuzunguka mafiga. Maharage yalikuwa motoni tangu alfajiri, na maharage hayaharakishwi. Yalipoiva yakatiwa mawese mpaka yakawa mekundu. Kulikuwa na ugali wa muhogo, migebuka mikavu iliyokuja na basi kutoka ziwani, mguu wa mbuzi tuliouchangia, na chai ya tangawizi iliyotiwa asali ambayo mchuuzi mmoja aliitoa Kibondo kwenye kidumu. Mama mwenye nyumba alipita akasema, "Mwidiwe, wanangu. Mnakula au mnahutubia?" Tukamwitikia midomo imejaa.

Tulichobishania siku ile ni koti la fundi baiskeli. Alilinunua mnadani, la mtumba, zito kama godoro. Kwenye zipu bado ilining'inia kadi ndogo iliyofungwa kwa waya, na ndani kiunoni lilikuwa na kitambaa cha mpira chenye vifungo. Mwalimu akasema ni cha kufichia pesa. Mchuuzi akasema ni cha kuzuia tumbo la mzungu lisipigwe upepo. Nikawaambia ni koti la skii: kile kitambaa kinazuia theluji isiingie ndani mtu akianguka, na ile kadi ni tiketi ya lifti ya kumpandisha mlimani. Fundi akaduwaa. "Kwa hiyo mwenzangu alilivaa akienda kucheza?" Akatazama mikono ya koti lake ilivyoloa grisi. Tukacheka mpaka chai ikatupalia.

Basi, ndiyo hadithi yenyewe. Mhariri akanirudishia na maswali mawili: "Mgogoro uko wapi? Na mbona wakimbizi hawamo?"

Nasema hivi: maswali hayo ni mabaki ya shamba la mkonge. Manamba alikuwa na kadi yake, kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku aliyomaliza kazi ilitiwa alama. Siku aliyolala, aliyokula na wenzake, aliyoimba, haikuandikwa popote. Na nyie mpaka leo mnatuandikia kwa kipande! Mkishamwona Muha hatoki jasho wala machozi, kalamu zenu zinakauka.

Najua mtakachosema. Mtasema watu wana njaa, fasihi iwakomboe, na kuandika raha ni anasa ya walioshiba. Tulifundishwa hivyo darasani, fani na maudhui, dhamira na ujumbe, mpaka tukaamini maskini hana haki ya kuingia kitabuni bila shida yake mkononi. Lakini mtu mnayemjua kwa shida zake tu mtamhurumia, au mtamtuma kazi. Hamtakaa naye. Hata yule mkimbizi wa Nyarugusu ana Jumapili yake, ana sufuria yake, ana rafiki yake muongo anayemchekesha. Mmeshawahi kumwandika hivyo? Au naye mnamsubiri alie kwanza?

Kwa hiyo, nyie mnaojifunza kuandika, njooni Kasulu mwezi wa saba. Njooni na sweta, mziache nyumbani zile daftari zenu za maswali. Kaeni jikoni na watu mpaka maharage yaive, ndipo mrudi mjini mkaandike hadithi isiyo na kambi, isiyo na lori, isiyo na mchawi. Na mhariri akiwauliza mgogoro uko wapi, mjibuni: nyama ilibaki kipande kimoja, na sisi tulikuwa watano.