Paka akichafua kochi, usikimbilie gunia

JUMAMOSI moja jioni, jirani yangu hapa Buruburu alibisha mlangoni akiwa amebeba gunia lililofungwa kwa kamba. Ndani yake kitu kilikuwa kikilia. Nyuma yake alisimama bintiye wa miaka minane, macho yamemvimba kwa machozi.

"Dada, paka huyu amenishinda," akasema. "Kochi ambalo hata sijamaliza kulilipia, amelikojolea mara tatu kwa siku mbili. Nampeleka sokoni Gikomba akajitafutie."

Nilimwomba afungue gunia kwanza. Paka alipotoka hakukimbia. Alichutama pembeni, akajikamua kwa muda mrefu huku akilia, na kilichotoka ni matone mawili tu yenye damu. Usiku huo huo tulimtafuta daktari wa mifugo. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Paka dume akizibwa hivyo, asipotibiwa anaweza kufa kwa siku mbili tatu.

Mpenzi msomaji, wengi wetu tungebeba gunia vilevile. Lakini paka hana mdomo wa kusema. Tabia ndiyo ulimi wake. Inapobadilika ghafla, swali la kwanza si "nimwadhibu vipi?" bali "ana nini?"

Akiwa mzima wa afya, tazama choo chake. Paka ni mnyama msafi. Karai la mchanga likinuka, likiwekwa karibu na chakula au pale watoto wanapopitapita, atatafuta kwingine. Ondoa kinyesi kila siku, na kama una paka wawili, weka makarai matatu. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo, kwa kuwa kinyesi cha paka chaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni.

Dume anayesimama, mkia juu, na kurushia ukuta mkojo haendi haja. Anatia alama kwamba hapo ni kwake. Kumhasi hupunguza sana tabia hiyo, pamoja na kuzurura na kupigana usiku. Jike naye anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na huibeba kwa takriban wiki tisa. Usipomwona daktari mapema, nyumba ya vyumba viwili itajaa paka.

Je, anakwaruza makochi? Kucha zake lazima zinolewe, zivue ganda kuukuu, na nyayo zake ziache harufu yake. Hutaweza kumkataza, basi mpe mahali pake. Tafuta mbao ndefu, izungushie kamba ya katani, uisimamishe imara kando ya kochi lile lile. Akiitumia, mpe omena mmoja. Ataelewa.

Watoto nao wafunzwe. Wasimchezeshe kwa vidole, wamfungie kitambaa kwenye uzi akikimbize. Mkia ukianza kupigapiga na masikio yakilala nyuma, anaomba aachwe. Akimuuma au kumparura mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitalini, maana kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia. Hakikisha paka wako amechanjwa.

Na kumpiga, au kumsugua pua kwenye mkojo wake? Hakumfunzi lolote ila kukuogopa wewe, na paka mwenye hofu huchafua nyumba zaidi.

Paka wa jirani yangu alirudi nyumbani siku ya nne, amekonda lakini anakojoa vizuri. Sasa ni yule binti anayesafisha karai kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kisha ananawa mikono kwa sabuni. Doa la kochini halijatoka. Mamake amelifunika kwa kitambaa cha kufuma. Gunia lile limerudi kwenye kazi yake ya kuwekea makaa.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya paka ni kuulizwa kwanza.