Kuku wa Kikombe Ashinda wa Betri

Midoli ya wanyama inayouzwa madukani hulia ikibonyezwa kitufe. Betri ikiisha, kimya. Na mtoto hajui sauti ilitoka wapi, maana kila kitu kimefungiwa ndani ya plastiki.

Kuku wa kikombe ni habari nyingine. Kikombe cha plastiki hutobolewa kitako, uzi wa pamba ukapitishwa na kufungwa kwenye kijiti cha kiberiti usichomoke, kisha kikabandikwa mdomo na kishungi chekundu cha karatasi. Mtoto huulowesha uzi, akaubana kwa vidole na kuuvuta kwa kushtukiza. Ko-ko-kooo! Vidole hukwama na kuteleza, uzi ukatetemeka, kikombe kikaikuza sauti.

Uzi ukikauka, kuku hunywea. Hapo ndipo maswali huanza, na mbunifu makini wa midoli huyaachia nafasi: vipi kopo la bati, au uzi wa nailoni?

Mtaala wa umilisi, unaotaka wanafunzi wajifunze kwa vitendo, ulipoenea Kenya mwaka 2019, wazazi wengi walilalamikia gharama za vifaa, na walikuwa na haki. Kuku huyu hahitaji duka. Kikombe cha mtindi kikioshwa vizuri kinatosha, ingawa kelele zake mwalimu atazivumilia mwenyewe.