SAFU YA AFYA: Daktari Mkurufunzi Ni Nani?



Baadhi ya wazee wetu hapa Toronto hurudi kutoka kliniki wakinung'unika: "Nimemfuata daktari, nikaletewa mtoto wa kujifunzia!" Wengine hukataa hata kumweleza kijana huyo maradhi yao. Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili, kwani ukimya huo humdhuru mgonjwa mwenyewe.

Kijana huyo amekwisha kuhitimu shahada ya udaktari. Sasa yumo katika miaka 2 ya kufundwa udaktari wa familia: huzunguka katika wodi za uzazi, watoto, dharura na maradhi ya akili, na kliniki huwaona wagonjwa chini ya daktari mkuu aliye na dhamana. Hatimaye hutahiniwa na Chuo cha Madaktari wa Familia cha Kanada, kilichoasisiwa mwaka 1954. Zamani mwaka 1 wa hospitali ulitosha. Njia hiyo ilifungwa katika miaka ya 1990. Azma ya kuongeza mwaka wa 3 iliwekwa kando mwaka 2023, baada ya madaktari wengi kuipinga. Kwetu nako fani hii imeingia: Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, kilianza kuifundisha mwaka 2005.

Lakini yapo asiyoyapata vitabuni, ila kwetu sisi. Mgonjwa wa sukari aliyeazimia kufunga Ramadhani, asiposema, huandikiwa dawa kama kawaida. Na sukari yaweza kumshuka ghafla mchana. Akisema mapema kabla ya mwezi kuandama, dawa hupangwa upya, au hushauriwa asifunge. Na daktari yule hatasahau kumuuliza Mwislamu wa pili.

Haki zetu pia tuzijue. Twaweza kumuuliza jina lake na nani anamsimamia. Kuomba daktari mkuu aingie. Kuomba mkalimani badala ya kumtwisha mtoto mzigo wa kufasiri siri za mzaziwe. Na kina mama kuomba daktari wa kike, iwapo yupo. Kukataa pia ni haki, ila tukatae kwa kujua.

Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humuumbua. Vijana hawa ndio watakaotutibu sisi na wajukuu zetu, na miongoni mwao wamo watoto wetu wenyewe.

Wabillahi tawfiq.