Kanisa Huru Si Kanisa Pweke



Tangu nitangaze kwamba Jumapili baada ya ibada ya pili tutaketi kuamua kama tutaungana na makanisa manne jirani kumtunza mmishonari mmoja na familia yake kule Marsabit, simu yangu haijatulia. Wengi mmefurahi. Lakini mzee wetu mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza, "Pasta, tukiingia huko, tutakuwa chini ya askofu wa nani?"

Ni swali zuri, na sitalijibu kwa haraka. Wengi wetu tumeona kanisa likianzishwa kwa jasho la washirika, halafu mtu wa mbali anakuja na barua kusema kiwanja ni chake. Mtu aliyeumwa na nyoka hata ung'ong'o humshtua.

Leo nataka tujifunze kwa ndugu zetu Wabaptisti. Najua hatukubaliani nao katika kila jambo, hasa kunena kwa lugha. Lakini kwa jambo hili wametutangulia miaka mingi. Kwao kila kanisa la mahali linajitawala. Linachagua mchungaji wake, linamiliki kiwanja chake na linapanga sadaka yake. Hakuna askofu wa kuliamuru. Hata hivyo makanisa hayo ndiyo yaliyotuma wamishonari mpaka miisho ya dunia. Wamishonari wa Kibaptisti kutoka Marekani walifika hapa Kenya mwaka 1956, na ukipita Tigoni, Limuru, utaikuta Brackenhurst, kituo walichokinunua. Waliwezaje?

Mwanzo ulikuwa mdogo sana. Mwezi wa Oktoba 1792, wachungaji wachache wa makanisa madogo ya Uingereza walikutana katika nyumba ya mama mjane mjini Kettering. Hakuna kanisa lao hata moja lililoweza kumtuma mtu ng'ambo peke yake. Waliahidi jumla ya pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Inasimuliwa kwamba karatasi za ahadi ziliwekwa ndani ya kijisanduku cha ugoro cha mchungaji Andrew Fuller. (Msiniulize mchungaji alikuwa anafanya nini na ugoro!) Mwaka uliofuata William Carey, aliyewahi kuwa fundi wa viatu, alisafiri kwenda India. Alikaa huko mpaka kifo chake mwaka 1834. Fuller hakwenda India hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kanisa hadi kanisa akichangisha, zaidi ya miaka ishirini, mpaka alipofariki mwaka 1815.

Huko Marekani, makanisa ya Southern Baptist Convention yalisumbuka na mchango kwa muda mrefu. Kila chuo na kila bodi ya misheni ilituma mtu wake makanisani kuomba. Mwenye ulimi mtamu alirudi na kikapu kimejaa, aliyenyamaza akalala njaa. Mwaka 1919 wakaanza kampeni ya miaka mitano ya kutafuta dola milioni 75. Watu waliahidi zaidi ya milioni 92! Zilizofika ni karibu milioni 58 tu, na tayari mipango ilikuwa imefanywa na madeni kuchukuliwa kwa kutegemea ahadi. Ndugu zangu, je, hilo halifanani na harambee zetu?

Mwaka 1925 wakatengeneza Mpango wa Ushirikiano. Kila kanisa linaamua lenyewe sehemu ya sadaka yake litakayotoa, na linaituma kwa utaratibu. Fungu hilo linagawanywa kwa kazi ya jimbo, vyuo na wamishonari. Katika mkutano wao wa mwaka, watu wanaotumwa na makanisa huitwa wajumbe, hawaitwi wawakilishi, kwa sababu kanisa halimkabidhi mtu mamlaka yake. Mkutano hauwezi kumfukuza mchungaji wako wala kuchukua kiwanja chako. Unachoweza ni kusema kwamba kanisa fulani halishirikiani nasi tena. Basi.

Akina mama mnaelewa haya kuliko mimi. Kwenye chama, kila mmoja ana nyumba yake na jiko lake. Mweka hazina haji kwako kuonja sufuria. Lakini mama mmoja asiyeweza kununua tangi la maji peke yake, akiwa ndani ya chama analipata.

Nisiwafiche jambo moja. Umoja peke yake si utakatifu. Southern Baptist Convention ilianzishwa mwaka 1845 baada ya kutengana na wenzao wa kaskazini juu ya utumwa: watu wa kusini walitaka mwenye watumwa aruhusiwe kuwa mmishonari. Mwaka 1995 waliomba radhi hadharani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tunaungana na nani, tuulize tunaungana kwa ajili gani.

Maandiko yanatuonyesha njia. Katika Matendo 13, kanisa la Antiokia lilimsikia Roho Mtakatifu na kuwatuma Barnaba na Sauli bila kungoja kibali cha Yerusalemu. Lakini katika Warumi 15, makanisa ya Makedonia na Akaya yanachangia maskini wa Yerusalemu. Na katika 2 Wakorintho 8, Paulo habebi fedha hizo peke yake. Anaandamana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akamlaumu. Kama Paulo alihitaji shahidi wa sadaka, mimi ni nani?

Sasa niseme linaloniuma. Miaka mitatu iliyopita tulimtuma ndugu yetu kaskazini peke yetu. Tulimwekea mikono, tukalia, tukapiga picha. Miezi ya kwanza tulituma pesa vizuri. Kisha tukaanza kuezeka paa, tukatuma nusu. Mwezi wa tisa hatukutuma kitu. Alirudi na malaria na deni la duka, na hakutulaumu hata kwa neno moja. Kosa lilikuwa letu, na mimi mchungaji ndiye wa kwanza. Hatukukosa upendo. Tulikuwa wachache mno kwa mzigo ule, na kiburi kilituzuia kugonga mlango wa jirani.

Kwa hiyo mzee wangu, jibu ni hili: hatutakuwa chini ya askofu wa mtu. Jumapili nitaomba tukubaliane mambo manne. Kila kanisa litaandika kiasi linachoweza, si kiasi cha kujionyesha. Mwenyekiti na mweka hazina watoke makanisa tofauti. Hesabu isomwe kila mwezi mbele ya washirika wote. Na kanisa likitaka kujitoa, litoe notisi ya miezi mitatu, ili familia ile isiachwe jangwani.

Kama hayo hayatakubaliwa, mimi mwenyewe nitapiga kura ya hapana.

Njooni tuombe na tuamue pamoja. Mungu awabariki. Amina.