Sindano na Uzi: Kofia ya Mkono



Kila mwaka ukurasa huu huzungumza juu ya kazi za mikono za nyumbani: kufuma sweta na soksi, kudarizi foronya na vitambaa vya meza, kutia pindo. Mara hii tunataka kusema juu ya kazi iliyo yetu hasa, nayo ni kushona kofia ya vito. Sababu yake ni moja. Katika nyumba zetu nyingi za huku Uingereza kofia ipo, tena imetunzwa vizuri, lakini mkono wa kuishona haupo. Wanaoijua kazi wengi wao ni wazee, na macho yao yamechoka. Kijana akiulizwa kofia yake imetoka wapi, hujibu, "Dukani."

Kofia hii si ya mji mmoja. Huvaliwa Unguja na Pemba, Mombasa na Lamu, na Ngazija pia wana ufundi wao mkubwa. Watu wa Barawa nao wana kofia yao ya kudarizi inayojulikana pwani nzima. Oman huitwa kumma, na Waomani wengi husema kuwa ilikuja kwao kutoka Afrika Mashariki. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, familia nyingi za pwani zilihamia Maskati, na sindano zao zikaenda pamoja nazo. Huko kofia iliyoshonwa kwa mkono ina bei na ina heshima, na mwenye jicho huijua kwa kuitazama tu.

Kwa nini ina matundu? Wengi hudhani ni pambo peke yake. Viua vile, yaani vitundu vilivyozungushiwa uzi, hupitisha hewa kichwani. Kwa nchi ya joto ni kofia ya akili sana: nguo yake ni nzito kiasi cha kusimama, lakini haimchomi mvaaji. Uzi unaozunguka tundu ndio unaoikaza nguo isichanike. Kwa hiyo uzuri wake na nguvu zake ni kitu kimoja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kofia ina vipande viwili: duara la juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Pima kichwa cha mwenyewe kwa futi ya kamba, juu kidogo ya masikio. Tuseme umepata sentimita 57. Ukanda utaukata urefu wa sentimita 59, maana 2 ni za mshono. Kimo chake kikiwa sentimita 8 zitakazoonekana, kata 10. Kwa duara, gawa 57 kwa 3.14, utapata sentimita 18 na kidogo. Ongeza sentimita 1 kila upande, yaani kata duara lenye upana wa sentimita 20. Kila kipande kikatwe mara mbili, kwa sababu kofia ina tabaka mbili. Nguo iwe ya pamba tupu, nyeupe, iliyofumwa kwa kubana, kama poplini nzuri. Ifue kwanza ndipo uikate, kwani nguo ya pamba hunywea. Ukiikata kabla ya kuifua, kofia ya baba itamwenea mtoto.

Weka tabaka mbili pamoja, zipige bandi zisiteleze, kisha chora nakshi yako kwa penseli nyepesi. Zamani si kila mshonaji alikuwa mchoraji. Kulikuwa na wenye mkono wa kuchora na wenye mkono wa kushona, na kofia moja iliweza kupita mikono miwili au mitatu kabla haijavaliwa. Basi mwanafunzi asione haya kuchorewa. Shona kwanza mistari mikubwa ya nakshi kwa mishono midogo, ili tabaka zishikane. Baada ya hapo ndipo uanze viua.

Kiua hakikatwi kwa mkasi. Nguo hutobolewa kwa sindano nene au kitu chembamba chenye ncha, nyuzi za nguo zikasukumwa kando badala ya kukatika. Kisha zungusha uzi pande zote za tundu, mshono karibu na mshono, kama unavyozungushia tundu la kifungo. Vuta kwa kiasi. Ukivuta mno nguo hukunjana, ukilegeza mno tundu hujifunga. Uzi wa kudarizi unaouzwa madukani huku una nyuzi 6 zilizolazwa pamoja. Zitenganishe, tumia 1 tu. Vaa subana kidoleni, maana tabaka mbili za poplini ni ngumu na kidole cha mwanafunzi hakijafanya sugu. Viua 20 vya kwanza vishone katika kipande cha kutupa. Hapo mkono utakuwa umejua.

Vipande vikimalizika, ukanda huunganishwa na duara, pindo likafungwa. Kofia hufuliwa kwa mkono, hutiwa wanga, na hukaushwa juu ya faroma ili ipate umbo lake. Asiye na faroma atumie kopo au sufuria iliyo sawa na kichwa.

Tusidanganyane juu ya muda. Tuseme kiua kimoja kinakuchukua dakika 2, na nakshi yako ina viua 600. Hizo ni dakika 1,200, yaani saa 20, na bado hujachora, hujashona mistari, wala hujaunganisha. Mashine humaliza kofia nzima kabla chai yako haijapoa. Kwa hesabu hiyo, anayeshona ili auze anashindana na mashine, na mtu kupambana na mashine kwa bei ni vita vya kushindwa. Ndiyo maana wengi wa kizazi chetu waliiacha kazi. Walisema hailipi, na kwa hesabu ya pesa walisema kweli.

Lakini tazameni yaliyoipata kazi ya kufuma. Mwaka 1589 kasisi mmoja wa Kiingereza, William Lee, wa Calverton karibu na Nottingham, alitengeneza mashine ya kufuma soksi. Inasimuliwa kuwa Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati ya haki ya mashine hiyo, akichelea maskini waliokuwa wakila kwa kufuma. Mashine ilienea hata hivyo, na ikachukua soko. Je, kufuma kulikufa? Hakukufa. Kulitoka sokoni kukaingia sebuleni. Zaidi ya miaka 400 baadaye bado watu hufuma huku, si kwa sababu sweta hazipatikani dukani, bali kwa sababu wanapenda. Kule Shetland bado mnasifiwa shali nyembamba za sufi, ambazo shali nzima, pana kama shuka la mtoto, huweza kupitishwa ndani ya pete ya ndoa. Hakuna mwenye akili anayeuliza kama shali hiyo inalipa.

Na kazi za uzi zina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, hapa London, imehifadhiwa jozi ya soksi nyekundu za sufi kutoka Misri, zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Zilitengenezwa kwa sindano moja, si mbili, na kidole gumba kimetengwa na vingine ili mtu aweze kuzivalia makubadhi. Aliyezishona jina lake halijulikani. Kazi yake ipo.

Basi rai ya ukurasa huu ni hii: tuache kuihesabu kofia kama biashara, tuihesabu kama tunavyoihesabu sweta ya mjukuu. Mwezi wa Desemba jua la hapa London huzama kabla ya saa kumi alasiri. Jioni ni ndefu, watoto wako ndani, na mikono haina kazi. Saa 20 za viua ni nusu saa kwa jioni 40. Haba na haba hujaza kibaba. Anayeanza mwezi wa Novemba, kofia itakuwa tayari kabla majira ya joto hayajaingia.

Tena isiwe kazi ya wasichana peke yao. Ulaya ya zamani, vyama vya mafundi wa kufuma vilikuwa vya wanaume. Mvulana anayeweza kukaa saa mbili mbele ya televisheni anaweza kukaa nusu saa na sindano, na kofia aliyoishona mwenyewe hataisahau ndani ya basi.

Kuna jambo moja haliwezi kungoja, nalo ni nakshi. Mshono mtu anaweza kujifunza kwa yeyote, lakini nakshi za kofia nyingi hazijaandikwa popote. Zimo katika mikono ya wazee na katika kofia kuukuu za makabatini. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kofia ya babu isitupwe hata ikichakaa. Iwekee karatasi nyembamba juu, sugua kwa penseli, na nakshi itajitokeza. Pili, andika nyuma ya karatasi hiyo jina la nakshi kama linajulikana, imeshonwa mji gani, na nani aliyeishona. Tatu, wakalisheni watoto karibu na bibi anayejua, hata kama bibi haoni vizuri. Macho yakichoka ulimi haujachoka, na vidole vyake vitamwonyesha mtoto uzi wa kubana na uzi wa kulegea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwenye kofia kuukuu na asiyejua kunakili nakshi, aje nayo siku ya mkutano wetu wa Iddi Mosi alasiri. Itanakiliwa mbele yake na kurudishwa mkononi mwake siku hiyo hiyo. Penseli na karatasi zitakuwapo. Mwenye subana ya ziada pia aje nayo, kwa kuwa wanafunzi huenda wakazidi vifaa, na hilo ndilo tunaloliombea.

Mwakani, inshallah, tutazungumza juu ya kutia pindo.